Injini ya Mkate kwa Gari la Anselme

Vijana wa gereji, nilipomkabidhi fundi mwenzenu Mireille funguo za gereji mliniomba niwaandikie kazi yangu ilivyokuwa. Nimekubali kwa sababu nyumbani sina la kufanya, na mke wangu amechoka kuniona nikiisikiliza friji. Inatetemeka. Nimemwambia tatizo ni zile raba za miguuni, naye anasema friji haikuomba ushauri. Basi nawaandikia nyinyi. Msitafute humu habari za vyeo. Cheti changu kililiwa na mchwa, na sijaona hata mchwa mmoja akitengeneza gari kwa elimu ile.

Nilianza katika gereji ya parokia, nyuma ya kanisa. Baba yangu alikuwa mtu wa reli na alitaka niingie reli, lakini reli haikunitaka. Bwana wangu wa kwanza aliitwa Papa Kalenga, mzaliwa wa Mitwaba, mtu wa misa ya asubuhi, aliyevaa kofia ya sufu hata mwezi wa Oktoba wakati Lubumbashi nzima inatafuta kivuli. Siku ile ya kwanza nilingoja anipe spana. Akanitazama miguuni.

"Bile biatu biko na soli ya muzuri?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Basi leo utatembea."

Gereji ile ilikuwa na gari moja la maana, nalo lilikuwa gari la maiti. Siku hiyo kulikuwa na maziko. Papa Kalenga akaniamuru nitembee kando ya gari, sikio karibu na boneti, kutoka kanisani mpaka makaburini. Nikatembea katikati ya waombolezaji. Walidhani mimi ni mpwa wa marehemu. Mama mmoja akanipa leso, na mwingine akanishika mkono kunifariji. Niliporudi Papa Kalenga aliniuliza gari lilisema nini. Nikajibu kwamba liliimba vizuri.

"Na pa kona ya soko, pale bantu balisimama, ilisema nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeshika leso. Maziko yaliyofuata nilitembea tena, safari hii bila kupokea kitu kwa mtu.

Baadaye ndipo aliponieleza. Zamani, kabla sijafika, gari la maiti la watu wengine lilizimika njiani, mbele ya mlango wa mjomba wa marehemu. Nyinyi mnajua mambo ya kwetu. Gari la maiti likizimika mbele ya mlango, hakuna anayefungua boneti. Watu wanageuka kuutazama mlango. Wanasema marehemu amekataa kuendelea mpaka aliyemuua ajulikane, na wakati huo amekwisha kujulikana, maana mlango ni wake. Papa Kalenga aliliona gari lile kesho yake. Mafuta yalikuwa yamechemka ndani ya bomba kwa sababu ya mwendo wa pole na joto, basi. Alikwenda kuieleza familia. Wakamshukuru kwa maelezo mazuri, na mjomba akahamia Lukafu hata hivyo. Nasikia mahindi yake huko yalistawi.

"Motere yote inajuaka kukimbia," Papa Kalenga aliniambia, mkono juu ya injini. "Kutembea na bantu, njo kazi."

Ndiyo maana maisha yangu yote nilikuwa namuuliza kila mwenye gari swali moja: hili gari litakwenda pole zaidi wapi? Wengi walikasirika. Mtu ameleta gari lake la fahari, anataka kuulizwa linakimbiaje, nami namuuliza habari za foleni na kuchelewa. Wengine waliniona mshamba. Walirudi Oktoba, kwa kuvutwa na kamba.

Papa Kalenga aliniachia pia kifaa mnachokicheka, ule mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu. Unaweka ncha ya mpini juu ya injini, ule upana unaukandamiza sikioni, na unasikia kila kitu kilicho ndani: vali, bolti, mnyororo, hata uongo wa aliyeifungua injini kabla yako. Mashine za kupima nilizitumia, na ni nzuri. Lakini hazijawahi kuniambia fundi wa kabla yangu alikuwa na haraka.

Sasa niwaeleze kazi yangu kubwa ya mwisho, ile ya gari la Anselme. Mireille aliifanya pamoja nami, lakini yeye haelezi mambo. Anafunga waya na kunyamaza.

Anselme alikuwa fundi wa kushona suti mtaani Kamalondo, na wanaume wengi wa mji huu walioa ndani ya suti zake. Alikuwa na gari dogo la Kiingereza la viti viwili, la michezo, wazi juu, rangi ya kijani cha chupa. Alilinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anarudi kwao. Alilishonea shuka la kulifunika, lenye kola, vifungo na mfuko wa ndani. Sikuwahi kujua gari linaweka nini mfukoni. Jumapili alimpakia mkewe, Mama Régine, wakazunguka mtaani polepole ili kila mtu alione koti lake. Maji ya radiatere, ile rejeta, yalichemka mara kwa mara, naye alikuja kwangu Jumatatu. Tulikuwa marafiki kwa njia hiyo.

Kisha Anselme akaugua, akafa. Siku ya maziko mwanawe, Hervé, alimwendesha mama yake katika gari lile, nyuma ya jeneza. Msafara ulipita Kamalondo kwa mwendo wa miguu, na mbele ya mlango wa Donat, mdogo wake Anselme, gari likatoa mvuke na kuzimika. Halikuwaka tena. Mama Régine alishuka na kwenda kwa miguu, watu wote wakimtazama. Gari la maiti lilikuwa limepita salama, kwa hiyo hawakuutazama mlango, na jioni ile mtaa mzima ulikuwa na maneno: Anselme amekataa kusindikizwa na mkewe, na sababu mke mwenyewe anaijua.

Gari lilivutwa mpaka gerejini. Nililifungua nikakuta injini imepasuka kati ya silinda mbili kwa joto. Uchomeleaji haungeshika hapo, na vipuri vya injini ile havikuwapo, si kwetu wala ng'ambo ya mpaka. Nikalifunika kwa shuka lake. Nilisikitika zaidi ya nilivyotegemea.

Kulipokaribia kutosha kilio, siku ile mjane anapovuliwa nguo nyeusi kanisani na kurudishwa nyumbani kwa nyimbo, Mama Régine alikuja gerejini. Alikaa juu ya tairi. Bado alikuwa katika nyeusi.

"Papa Sylvain," alisema, "gari ya Anselme inaweza kutembea tena?"

"Kwa injini nyingine, ndiyo, Mama."

"Mi nataka itembee siku ya kutosha kilio. Ipite pale pale, pa mulango ya Donat."

Nilimuuliza kwa nini asipite barabara nyingine, au asipande gari la mtu mwingine.

"Nikizunguka, batasema: munaona, anaogopa. Nikipanda gari ingine, batasema: ya Anselme ilimukatala." Alikunja kitambaa chake mara mbili. "Donat anataka nyumba. Alisha ambia famille, kama gari inakufa tena pa mulango yake, Anselme alisha sema, na miye nitoke. Na batamusikiliza."

"Na wewe unaamini nini?"

"Mi naamini radiatere," alisema Mama Régine. "Lakini hapana miye njo niko nahukumu."

Basi, vijana, hiyo ndiyo hali niliyochagulia injini. Katika magazeti ya magari ya michezo wanashauri uangalie nguvu, uzito na mlio. Nyumba ya mjane hawaitaji.

Hervé alifika Jumamosi kutoka Kasumbalesa, anakofanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Alikuwa na injini nyuma ya pikapu, imefungwa kwa blanketi mpya. Silinda sita, ya Kijapani, imetoka katika gari la mtu mkubwa. Alilifunua blanketi taratibu.

"Papa Sylvain, angalia. Na hii, tunafika Likasi mbele ya chai kupoa. Papa angefurahi."

Nisiwafiche, niliipenda. Ilikuwa safi, na nilipoiwasha juu ya matairi gereji nzima ilinyamaza kusikiliza. Nilitamani kuiweka. Siku mbili nilipima huku nikijidanganya. Boneti ingefungwa kama ningeikata. Uzito ungekaa wote juu ya magurudumu ya mbele, na breki za gari lile zilitengenezwa kwa watu wasio na haraka. Lakini tatizo lenyewe lilikuwa nafasi. Injini ingejaa pale mbele mpaka radiatere ibaki nyembamba, na mabomba ya moshi yapite karibu na bomba la mafuta. Njia ya Likasi, upepo ungeyapoza hayo yote. Kamalondo, nyuma ya kwaya ya akina mama, hakuna upepo. Kuna jua, vumbi na nyimbo zenye beti nyingi.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kununua mkate, na pale mlangoni pa kioski likasimama gari dogo la kusambaza mikate. Dereva akashuka, akashusha makreti, akabishana na mwenye duka, akasalimia watu, akala andazi. Muda wote huo injini ilikuwa inawaka. Nikamfuata kioski cha pili, na cha tatu. Hakuzima hata mara moja. Nilipomwomba kuweka mwiko wangu juu ya injini alinitazama kidogo, kisha akafungua boneti. Ndani nilisikia kitu kilichoridhika na maisha. Silinda nne, nguvu ya kutosha tu, feni ya umeme inayozunguka hata gari likisimama, na mafuta yanayosukumwa kutoka tangini na kurudi, hayapati muda wa kuchemka. Nikamuuliza ina ubaya gani. Alifikiri, akasema ina harufu ya mkate.

Mwenye mikate alikuwa na gari jingine la aina hiyohiyo, lililogongwa nyuma na lori. Mbele lilikuwa zima. Nikaichukua injini yake.

Hervé aliinama, akaizunguka mara moja nilipomwonyesha.

"Motere ya mukate?" alisema mwisho. "Mu gari ya papa?"

"Baba yako alishonea nani suti?"

"Bantu ya ndoa."

"Na ndoa inaendaka mbio?"

Alichukua blanketi lake akalikunja. Mama Régine alipokuja aliuliza swali moja tu.

"Inazimikaka?"

"Mimi sijaisikia ikizimika, Mama."

"Basi njo hiyo. Juu ya harufu, nitavaa parfum."

Ile ya silinda sita bado ipo gerejini. Ndiyo mnayoikalia mkila saa sita.

Kazi yenyewe Mireille anaikumbuka. Tulikata vishikio vya zamani na kuchomelea vipya, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Chombo cha oili kiligusa fimbo ya usukani, tukakifupisha. Radiatere tuliitoa kwenye gari kubwa zaidi, tukailaza kidogo iingie. Mireille akafunga feni mbili, kila moja na waya wake, ili moja ikifa nyingine isijue habari. Bomba la mafuta tulilihamishia upande wa pili, mbali na moshi. Hervé aliomba angalau mlio uwe wa heshima, nikampa bomba la moshi pana kidogo. Gari likasikika kama lile la zamani lenye mafua. Alisema afadhali.

Ndipo Mireille alipogundua kwa nini dereva wa mikate hazimi. Alizima gari likiwa moto, akageuza ufunguo, ikasikika *tak*, basi. Akageuza tena, likawaka. Mara nyingine *tak* mbili, mara nyingine hakuna. Ilikuwa demarere, ile mota ndogo ya kuwashia. Ikishapata joto inakuwa na mawazo yake. Aina ile ilikuwa moja kwa magari yote ya mikate, na ubaya ulikuwa mmoja. Tulitafuta nyingine mjini, tukaagiza ng'ambo, ikaja isiyoingia. Tuliifungua, tukaisafisha, tukabadilisha brashi zake za mkaa. Ikawa nzuri zaidi. Si nzuri.

Nikamwita Hervé kando. "Siku hiyo usizime," nilimwambia. "Ukitoka kanisani mpaka nyumbani, usizime. Hata askofu akisimama mbele yako."

"Hata askofu," alisema Hervé.

Kwa majaribio tulijiunga Jumamosi na msafara wa ndoa ya watu tusiowajua, wenye fanfare ya tarumbeta na ngoma. Mireille aliendesha, mimi nilitembea kando na mwiko wangu. Tulikwenda mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, jua la mchana juu, na sindano ya joto haikusogea. Watu wale walitupokea vizuri. Tumo katika picha zao.

Siku yenyewe ilifika. Misa ilikuwa ndefu. Mama Régine aliingia sakristia katika nyeusi, akatoka katika kitenge, pagne nyeupe na buluu, na kichwani kitambaa kilichofungwa juu sana. Alipanda gari kando ya Hervé. Kwaya ya akina mama ikatangulia, watu wakajaa nyuma na pembeni, nami nikashika nafasi yangu, sikio karibu na boneti, kama nilivyofundishwa. Kwa sababu ya mwiko watu walidhani mimi ndiye mpishi. Wawili waliniuliza kama nyama itatosha.

Kamalondo walitoka wote. Mafundi wa kushona waliacha mashine zao wakasimama milangoni, mita za kupimia nguo zikining'inia shingoni. Watu wa baa walitoka na viti. Kila mtu alijua mlango uko wapi, na kadiri tulivyoukaribia nyimbo zilipungua sauti.

Donat alikuwa akitungoja. Alipanga viti katikati ya barabara, safu nzima, na yeye mwenyewe amesimama mbele katika koti aliloshonewa na kaka yake. Alisema familia lazima imsalimie marehemu kwanza. Hervé akasimamisha gari. Halikuzimika. Donat akaja mbele, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayebariki, akaanza hotuba.

Alisema habari za Anselme alivyozaliwa, kisha za baba yao aliyefanya kazi mgodini, kisha za babu. Jua lilikuwa kali. Feni ya kwanza ikaanza kuzunguka, kisha ya pili. Mimi sikumsikiliza Donat, nilisikiliza injini. Ilikuwa inangoja makreti yashushwe. Donat alipofika mwisho wa babu alinyamaza, akasikiliza, akarudi kwa baba. Mkono wake ulikuwa umeanza kuungua, nilimwona akiinua kidole kimoja kimoja. Kisha maneno yakamwishia kabisa. Barabara yote ilikuwa kimya, na katika ule ukimya lilisikika gari la Anselme likinguruma taratibu.

Nilifurahi, vijana. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Nikampa Hervé ishara kwa kichwa, aondoke.

Katika gari lile ufunguo uko katikati ya dashibodi. Mama Régine alinyoosha mkono, akaugeuza, akazima.

Mama mmoja wa kwaya alisema "Yesu." Watu waligeuka kuutazama mlango wa Donat, kisha wakamtazama Mama Régine, kisha hawakujua tena watazame wapi.

"Ni miye nilizima," alisema kwa sauti, ili hata wa baa wasikie. "Hapana Anselme. Miye." Akaweka mikono mapajani, akamtazama shemeji yake. "Motere ilikuwa nakusumbua, beau-frère. Uliachia kwa papa yenu. Endelea, tunasikia."

Donat alifungua mdomo. Aliiangalia boneti, akawaangalia watu.

"Nilisha maliza," alisema.

"Ulisha maliza?"

"Nilisha."

"Aksanti, beau-frère."

Akageuza ufunguo. *Tak.*

Nilimwona Donat akiinua kichwa. Hervé alikuwa amefumba macho. Mama Régine hakugeuka kulia wala kushoto. Alitengeneza ncha ya kitambaa chake kichwani kama mtu aliyebakiwa na muda, kisha akageuza tena, na gari likawaka.

Vigelegele vilipigwa mpaka sikuweza kusikia injini, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikujali. Donat aliviondoa viti yeye mwenyewe, kimoja kimoja, na watu hawakumsaidia. Tulipita. Harufu ya mkate na parfum ilibaki barabarani.

Nyumbani kulikuwa na chakula uani, katika nyumba ile ile ambayo Mama Régine yumo mpaka leo. Donat naye alikuja, akakaa karibu na ukuta, akala. Hakuna aliyemfukuza, na habari ya nyumba haikutajwa tena. Mama Régine alipoleta sahani yangu nilimuuliza kama Hervé alimwambia habari ya demarere.

"Aliniambiaka," alisema. "Tangu ile siku ulimwambia."

"Ulijua? Na ukazima?"

"Nilijua."

"Na kama ingekataa kuwaka, Mama? Pale, mbele ya mlango?"

Alinitazama jinsi mke wangu anavyonitazama nikiisikiliza friji.

"Tungesukuma, Papa Sylvain," alisema. "Bantu balikuwa mingi."